Klimatizeri ya Koko Asma

Jumanne, kabla ya adhuhuri, mashine ya chumba cha chini ilinyamaza. Faida alikuwa uani akifua mashuka, mikono imejaa povu, na hakujua mara moja ni kitu gani kimekosekana. Aliona tu kwamba paseli, kiwanja chao chote, imekuwa pana kuliko kawaida. Kuku wanaparura, pikipiki zinapita barabarani, mtoto wa mtu analia mbali. Kisha akatambua: ule mngurumo haupo. Aliacha shuka ndani ya beseni akashuka mbio ngazi saba za mawe, sabuni ikimtiririka viwikoni.

Mama mkwe wake, Koko Asma, alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi, mzima kabisa.

"Unakimbia nini? Nani amekufa?"

"Mashine imesimama, mama."

"Imechoka. Hata mie nimechoka, na hakuna mutu anakuja kwangu mbio."

Mgeni angecheka, maana Goma si mji wa klimatizeri, mashine ya kupoza hewa. Asubuhi watu hutoka na makoti, na mvua ikinyesha hata mchana mtu hutafuta sweta. Nabintu wa paseli ya pili, mzaliwa wa Bukavu mwenye mdomo usiojua likizo, alikuwa akiwatania miaka yote: "Joto ya kwenu Maniema iliwafuata mpaka huku? Mutamugandisha huyo muzee kama samaki ya frigo!" Faida hucheka naye na kuendelea na kazi yake. Hakuona haja ya kueleza kwamba klimatizeri ile haikuwekwa kwa sababu ya joto.

Iliwekwa kwa sababu ya mazuku. Upande huu wa mtaa wa Keshero, mtoto huyajua mazuku kabla hajajua kuhesabu. Ni hewa mbaya inayotoka katika nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi wala moshi, na kwa kuwa ni nzito hukaa chini, mashimoni na mabondeni, hasa alfajiri upepo ukiwa haujaamka. Mbuzi akiinama kula hapo, hainuki tena. Na paseli yao ilikuwa imeteremka kuelekea ziwa: nyumba kubwa juu, chumba cha chini katika bonde dogo la mawe.

Miaka tisa iliyopita Swedi, mume wa Faida, aliwakuta kuku wawili wamekufa nyuma ya chumba hicho, shingo zimenyooka, hawana hata jeraha. Siku ile ile alikwenda madukani Birere akarudi na klimatizeri iliyotumika, ya sanduku, akatoboa ukuta akaipachika. "Hii itafukuza mazuku," akasema. Aliyesema alikuwa Swedi, kwa hiyo nyumba nzima ikaamini. Na kweli, tangu hapo hakufa mtu, wala kuku. Baadaye Swedi mwenyewe alichukuliwa na ugonjwa wa figo, na mashine ikabaki inanguruma usiku na mchana, kama askari ambaye hajaletewa mwenzake wa zamu.

Sasa askari amelala, na Faida moyo haukukaa kitako.

"Twende juu, mama," akasema siku ile ile. "Ulale ku chumba changu, mpaka tupate fundi."

Koko Asma alimtazama kama aliyetukanwa. "Ku kitanda ulilala na mutoto wangu? Mama mukwe analala pale? Ni mwiko, Faida. Wazazi wako hawakukufundisha?"

"Basi saloni."

"Saloni ni ya wageni. Mie si mufuko ya muchele, munanitupa pembeni, kila mutu akiingia ananipima na macho."

Magoti ya Koko yalikuwa yamekataa ngazi tangu zamani, na kabla ya kufariki Swedi alimkatia kitanda chake miguu ili ashuke kusali bila kuomba msaada. Kitanda kilikuwa chini kama godoro lililokonda. Faida alikiangalia kitanda kile, akaangalia sakafu, akapima kwa jicho. Kiganja kimoja na nusu.

Jioni hiyo alishuka na kupanda ngazi zile hata hakuhesabu tena. Aliwasha mshumaa akauweka sakafuni karibu na mlango, akachuchumaa kuutazama. Penye mazuku moto huzimika; huu uliwaka vizuri. Akauzima. Akapika ugali, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akashuka tena kuuwasha.

"Unanichungulia kama sufuria ya maharagi," Koko akalalamika. "Nitaiva, usijali."

"Nilikuja tu kuona."

"Uliona. Sasa rudi ku ugali, ninasikia inaungua."

Ulikuwa unaungua kweli.

Faida alimpigia simu Idrissa, kaka mkubwa wa marehemu, mwuza vitenge wa Birere. Kwa heshima alimwita Papa Abdoul, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Idrissa hakumwacha amalize. "Shemeji, tulia. Kesho nitaleta mupya. Mama yangu hawezi kulala bila klima."

Jumatano saa nne chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, iliingia uani, na juu yake katoni kubwa jeupe limefungwa kwa kamba za mpira. Idrissa alitembea ubavuni, kiganja juu ya katoni, kama anayesindikiza bibi harusi. Nyuma yake alikuja Baharanyi, fundi wa frigo na klimatizeri, mtu wa maneno machache, turnavisi, bisibisi yake, nyuma ya sikio.

Nabintu alikuwa ameshapanda jiwe lake kando ya uzio. "Eee! Munaleta ingine? Baridi ya Goma haiwatoshe?"

"Mama, wivu haipozake mutu," Idrissa akamjibu bila kugeuza kichwa.

"Na majivuno je?"

Hata Baharanyi alitabasamu. Kisha akashuka chini, akaivuta ile mashine ya zamani kutoka ukutani, akaiweka juu ya ngazi na kuifungua. Vumbi la miaka lilimwagika. Faida alisimama karibu, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa amesoma shule ya msingi tu, lakini hakuwahi kumwacha fundi afungue kitu cha nyumbani kwake bila yeye kuangalia ndani.

"Haiwezi kutengenezwa?" akauliza. "Tusiitupe tu juu ya kuwa kuna mupya."

"Motere ya vantilateri, ile feni ya ndani, imeungua. Ningeweza kutafuta ingine." Baharanyi alikwaruza kwa turnavisi, akainua macho. "Lakini mama, hii ilikuwa inawapa baridi?"

"Inapiga kelele."

"Kelele, ndiyo. Baridi?"

Faida alitafuta katika kumbukumbu zake. Koko alikuwa akilala na blanketi moja tu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho Koko alisema anasikia baridi. "Siku mingi, hapana."

"Njo maana. Kompresa, njo inaleta baridi, ilikufa zamani. Miaka tano, sita. Iliyokuwa inazunguka ni vantilateri peke yake." Akaonyesha kifuniko kidogo upande wa nyuma, kipana kama kiganja, kimeshika kutu, kimekwama wazi. "Na hii mulango ilibaki wazi. Ilikuwa inavuta hewa ya chumba, inatupa inje. Na hewa ingine inaingia chini ya mulango yenu."

Faida alilitazama katoni. "Na mupya?"

"Mupya ni ya kisasa. Haina mulango kama hii."

"Inavuta hewa toka wapi?"

"Toka mu chumba."

"Inaipeleka wapi?"

"Mu chumba mule mule. Inaipoza, basi. Njo maana ukiiweka lazima uzibe kila tundu, hata chini ya mulango. Usipoziba, unapoza Goma yote."

Faida alimgeukia Idrissa. "Papa Abdoul, umesikia?"

"Nimesikia nini? Bitu bya mafundi tuachie mafundi." Idrissa alikuwa akipangusa katoni kwa leso. "Marehemu alisema klimatizeri inafukuza mazuku. Hii si klimatizeri? Tena ni kubwa kushinda ile. Ama unataka kusema mudogo yangu alikuwa mujinga?"

Mjane hajibu swali kama hilo mbele ya fundi. Faida alimtazama Baharanyi. Baharanyi akatazama viatu vyake. "Mie ni fundi wa baridi," akasema. "Mazuku sikuisoma."

Ikawa bomba la shaba la kuunganishia mashine, alilokuja nalo, ni fupi kwa mita moja. Angerudi kesho asubuhi. Tundu la ukutani likabaki wazi, mraba wa mbingu katika ukuta wa giza, na upepo wa ziwa ukipita pale ukicheza na pazia. Idrissa hakulipenda. Wezi wataingiza mkono, akasema, na Mama atapigwa na baridi. Akapasua kipande cha katoni, akatafuta ubao, akaomba misumari.

Faida ndiye aliyeleta misumari. Faida ndiye aliyeshika ubao wakati Idrissa anapigilia.

"Apande juu leo, usiku moja tu," akajaribu mara ya mwisho.

"Usiku moja tu itamufanya nini?" Idrissa akacheka. "Mama, unaogopa?"

"Mie namuogopa Mungu," Koko akajibu. "Na Faida akishika mushumaa."

Wote wakacheka, na Faida akaona aibu. Baada ya isha aliomba dua, akaomba tena, akalala vipande vipande.

Kila alfajiri Koko Asma huamka kabla ya mwadhini. Hugonga ndoo yake kwa kikombe, ko, ko, ko, na kuita, "Faida, maji!" Ndiyo saa ya nyumba ile. Alhamisi mwadhini aliadhini mpaka mwisho, na ndoo haikugongwa.

Faida hakuvaa kandambili. Hakukuwa na upepo. Moshi wa mbabula, jiko la makaa, ya jirani ulisimama wima kama uzi. Alishuka, akasukuma mlango. Hakunusa kitu. Mwanga wa simu ulimwonyesha Koko amelala chali, kifua kinapanda na kushuka haraka, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, macho nusu wazi, hayaoni.

"Mama. Mama!"

Aliinama kumshika bega, na pale pale kichwa chake kikawa kizito, masikio yakaanza kuvuma. Faida alijua. Akajinyoosha wima, akarudi nyuma hadi ngazini, akavuta pumzi ndefu ya nje, akaifungia kifuani. Akaingia tena. Akashika pembe mbili za godoro, akaliburuta. Mlangoni likakwama. Akavuta kwa nguvu ambayo hakujua anayo, pumzi ikimpasua, mpaka godoro likaruka kizingiti na Koko akawa juu ya mawe, chini ya anga.

Hapo ndipo alipopiga kelele. "Nabintu! Nabintu weee!"

Nabintu aliruka uzio, kitenge nusu kimefungwa, bila utani hata mmoja mdomoni. Mmoja kichwani, mmoja miguuni, walimpandisha ngazi saba. Walimlaza uani palipoinuka. Nabintu akampepea kwa upande wa kitenge chake akiita majina ya watakatifu wote anaowajua, na Faida akasoma aya zake akiwa ameshika mkono wa Koko, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Ilichukua muda. Kisha Koko Asma alitapika, akakohoa, akashika kichwa.

"Juu ya nini munaniburuta kama gunia?"

Nabintu alikaa chini pale pale, akaanza kulia.

"Adhana imepita?" Koko akauliza. "Faida, maji."

Muuguzi wa kituo cha afya cha karibu alikuja, akamsikiliza kifua, akasema Mungu amependa, nusu saa nyingine asingeamka. Faida alimshukuru. Lile neno, nusu saa, likaingia ndani yake likakataa kutoka. Alisimama akafagia ua. Akaufagia tena.

Saa tatu Idrissa na Baharanyi walifika na bomba refu la shaba. Faida alikuwa amekaa juu ya katoni la mashine mpya, mikono juu ya magoti. Aliwaambia yote, kwa sauti ya chini, tangu ndoo mpaka muuguzi. Idrissa alikwenda kwa mama yake, akapiga magoti, akamshika miguu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini kichwa kilikuwa kile kile.

"Ni ile ubao," akasema. "Chumba ilikuwa bila mashine. Fundi, weka haraka, leo hii alale vizuri."

Faida hakuinuka.

"Shemeji, ondoka, tufanye kazi."

"Papa Abdoul, nikuombe kitu kimoja. Fundi akimaliza kuweka, lala wewe mule. Siku tatu. Kitanda kile kile, na tundu zote zimezibwa vile fundi anataka. Ukitoka muzima, mama ataingia."

Baharanyi alikohoa ili asicheke. Kutoka kwenye uzio sauti ikaja: "Na mie nitakuja kumuamsha! Nitagonga ndoo!"

Idrissa alitazama kule chini. Mlango ulikuwa wazi, na kitanda kile kifupi kilionekana, kimebaki mbao tupu. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Swedi alisema..." akaanza.

"Swedi alisema mashine inafukuza mazuku. Alikosea, Mungu amurehemu." Faida alisema bila kuinuka kwenye katoni. Miaka yote hii alilala akiusikiliza mngurumo ule kama mtu anayesikiliza mume wake akigeuka kitandani. "Mashine haikufanya kitu. Mashine ilikufa tukiwa tunaisifu. Ni tundu alilotoboa njo lilituokoa, na yeye mwenyewe hakujua. Na jana nimeshika ubao tukaliziba."

Kuku mmoja alipita katikati yao.

"Basi," Idrissa akasema polepole, "turudishe tundu. Tuongeze ingine chini. Fundi?"

Baharanyi aliondoa turnavisi nyuma ya sikio, akaiangalia. "Matundu nitatoboa hata kumi. Lakini kuapa kwamba mutu atalala pale na ataamka, siwezi kuapa."

"Kama fundi hawezi kuapa, mutu halali," Faida akasema, akasimama. "Mama atalala ku chumba changu. Na mwiko wake hautavunjika. Fundi, unajua kufungua kitanda?"

Kitanda chenyewe, kile cha Faida na Swedi, kilikuwa cha mbao ya libuyu, kilichotengenezwa kwa ajili ya harusi, na hakijatoka chumbani tangu kilipoingia. Baharanyi alilegeza boliti moja moja. "Leo nimekuwa fundi wa vitanda," akanung'unika, lakini alifanya kwa upole, kama anayemvua mgonjwa viatu. Faida alipokea mbao, akazitoa nje moja moja, akazisimamisha ukutani. Ubao wa kichwani ulikuwa na alama nyeusi pale Swedi alipokuwa akiegemeza kichwa chake. Alitaka kuupangusa. Akauacha.

Walifagia chumba, wakakiosha, wakakipandisha kitanda kifupi. Koko Asma aliwaangalia kutoka kwenye mkeka wake wa uani.

"Sasa ni chumba tu," Faida akamwambia. "Kitanda ni yako. Mie nitalala mu saloni."

"Na wageni?"

"Wageni watanipima na macho."

Koko alicheka kidogo, akashika kichwa kwa maumivu. "Mukamwana, una kichwa ngumu. Nani atanibeba? Mie sibebwi na fundi."

Idrissa alivua koti, akamgeuzia mama yake mgongo, akachuchumaa. Koko alimshika shingo. Alipoinuka naye, Idrissa aliyumba, na mama yake akampiga kofi dogo kisogoni.

"Pole pole! Wewe ku mugongo yangu ulikuwa muzito kushinda mie, na sikukuyumbisha."

Faida alimwomba Baharanyi kazi moja ya mwisho: ang'oe mlango wa chumba cha chini na dirisha lake dogo lililofungwa miaka yote, vyote, ili mtu asije akajidanganya kwamba ni chumba. Turnavisi ikafanya kazi tena. Idrissa aliketi juu ya katoni, kidevu mkononi.

"Na hii mashine nitaifanya nini? Yule muuzaji wa Birere hapokee kitu kikishafunguliwa. Katoni nimelipasua mie mwenyewe."

"Irudishe, muulize," Faida akasema.

"Hata ku magazini yangu ya vitenge nimeandika vile vile. Kitu kikiuzwa hakirudi."

"Basi unajua jibu."

Alasiri Koko Asma alilala. Nyumba ya juu ilikuwa na sauti nyingine kabisa: pikipiki, mabati yakilia kwa joto, Nabintu akimgombeza mtu. Faida alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha mama mkwe wake, akatazama blanketi likipanda na kushuka. Akahesabu kumi. Alikwenda akafungua dirisha zaidi, ingawa lilikuwa limefika mwisho. Akarudi. Akainama, akaleta sikio karibu na mdomo wa Koko.

Koko akafungua jicho moja.

"Niko," akasema. "Kaa chini."

Faida akakaa. Baada ya kitambo kidogo akasimama tena.